Injini Inayoamka Vibaya

Vijana wa gereji mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nitaandika. Lakini msitarajie habari za vyeo, maana kwetu kulikuwa na vyeo viwili tu: anayelala chini ya gari, na anayesimama kando akiuliza, "Bado?" Nimekuwa vyote viwili. Cha kwanza kina kivuli.

Nilizaliwa Nambis, upande wa Mbulu, ambako mwezi wa saba ukitoa mkono nje ya blanketi unajuta. Nilishuka Katesh nikiwa kijana kutafuta kazi yoyote isiyo ya jembe. Mtu wa kwanza kunisikiliza alikuwa Mzee Rajabu. Wazazi wake walikuja kutoka Kondoa kufanya biashara ya nguo, yeye akaona heri injini kuliko kanga. Gereji yake ilikuwa uwanja wenye mteremko, ukuta wa matofali ya udongo, na bati moja lililofunika vifaa. Watu walinyeshewa.

Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinisimamisha karibu na lori la mahindi lililokuwa linanguruma, akaniuliza, "Unasikia nini?"

"Kelele, mzee."

"Kelele zipo mnadani. Sikiliza tena."

Nikasikiliza mpaka miguu ikafa ganzi. Mchana akarudi na swali lile lile. Nikamwambia nasikia kama mtu anayekimbia huku kiatu kimoja kimelegea. Akacheka, akanipa chai. Lori lilikuwa na nozeli moja mbovu, kile kidude kinachopulizia mafuta ndani ya silinda. Mimi sikujua nozeli ni nini, lakini kiatu nilikuwa nimekisikia.

Kwa miaka mingi aliyonifundisha, jambo alilolirudia ni moja. Gari likiletwa saa sita mchana, limekwisha kuoga na kuvaa. Chuma kimepata joto, kimetanuka, nyufa zimejifunga, mafuta yamekuwa mepesi. Utalipima na kulisifu, na kesho asubuhi mwenyewe atakutukana. Gari linalotetemeka likiwa baridi linataka likutwe likiwa baridi. Lilale, lisiguswe na mtu, na wewe uwe umesimama pale linapowashwa kwa mara ya kwanza. Dakika zile chache ndizo zinazosema. Zikipita umeikosa siku nzima.

Kwa hiyo niliishi asubuhi. Wenzangu walipokuwa wanageukia upande wa pili wa kitanda, mimi nilikuwa uwanjani, boneti wazi, pumzi yangu inatoka kama moshi, Mlima Hanang umejifunika wingu hadi kiunoni. Hakuna mtu wa kuzungumza naye saa hizo. Ukishazoea, unaanza kuona watu wanaoamka saa mbili kama wageni wa nchi nyingine, na wao wanakuona hivyo hivyo. Mke wangu alivumilia hayo kwa muda mrefu, halafu akaenda Arusha kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Yule mtoto sasa anasoma darasa la nne.

Nitaje mambo ya ufundi, maana ndiyo mliyoniomba. Mnajua sailensi: injini inanguruma yenyewe bila mguu kukanyaga mafuta. Ikiwa mbaya asubuhi tu, kisha ikatulia, usikimbilie kufungua injini. Siku za kabureta tulianza na choki, kile kilimi kinachobana hewa. Mara nyingi kilikuwa kimeganda kwa vumbi la ngano. Magari ya petroli ya siku hizi, tazama mipira midogo ya hewa, inapasuka kwa ubaridi na kujiziba kwa joto. Safisha koo la kuingizia hewa. Pima kile kidude kinachosoma joto la maji, kwa sababu kikisema uongo kwamba injini ina joto, kompyuta itaipa mafuta kidogo na itatetemeka kama aliyenyimwa uji. Kwa dizeli, anza na plagi za joto, zile zinazopasha silinda kabla ya kuwasha.

Na kama hujui ni silinda ipi imelala, washa injini ikiwa baridi, chovya vidole kwenye maji, dondoshea kila bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini. Bomba ambalo tone linafuka, silinda yake inafanya kazi. Bomba ambalo tone linateleza na kuanguka, hapo ndipo penye mgonjwa. Nimeona mashine nzuri za kupimia, nazipenda, lakini asubuhi ya baridi umeme wa Katesh nao huwa haujaamka.

Mzee Rajabu alipozeeka, masikio yake yaliisha kabla ya mikono. Alishika bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akauuma kwa meno, akafumba macho. Sauti ilipita kwenye mifupa. Watoto wa mtaani walimcheka kwamba mzee anakula gari. Alipofariki tulimzika mchana, na kesho yake niliwahi kazini kama kawaida. Lori moja lilikuwa linasumbua. Nikalisikiliza, nikageuka kumwambia kwamba ni pampu na si nozeli, ili anibishie. Nilibaki nimegeuka hivyo kwa muda.

Kuna jambo hamtaambiwa na mtu, nalo ni kwamba kazi hii ikifanyika vizuri inakunyima watu. Mgonjwa aliyepona hana haja ya kupita. Wale niliowafahamu kwa majina, na watoto wao, na mazao yao, ni wale ambao magari yao yalinishinda. Waliopona niliwaona barabarani tu, vioo vimefungwa.

Sasa nieleze pikapu ya Dirma, ambayo ilikuwa karibu ya mwisho kwangu.

Ililetwa na Mama Daudi, mwanamke Mbarbaig wa makamo, mrefu, ambaye alikuwa anaendesha mwenyewe. Mume wake, Gidamis, alimfundisha kuendesha wakati macho yake mwenyewe yalipoanza kufifia, halafu akafariki. Mtoto wao Daudi yuko Dodoma. Huko Dirma, kijijini kwao, pikapu ile ndiyo iliyopeleka mahindi na maziwa ya majirani, na wagonjwa ikibidi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Linasumbua nini?"

"Asubuhi. Linawaka, linakohoa, linatetemeka mpaka vioo vinalia, linatoa moshi mweupe, linataka kufa. Nikilibembeleza, linatulia. Mchana halina neno."

Nikamwambia aliache lilale kwetu. Asubuhi nilikuwepo. Likawaka kama limeitwa jina. Fundi Juma, tuliyefanya naye kazi, mdomo wake haukuwa na breki. Akamwambia, "Mama, gari lako linapenda mjini. Likirudi kijijini linanuna."

Nilibadilisha plagi mbili za joto zilizochoka, nikapima nozeli, nikamrudishia. Baada ya muda akarudi. Ugonjwa ule ule. Tukalilaza tena, asubuhi likawaka vizuri tena. Juma akaanza: "Si nilisema, linataka chipsi—"

"Nyamaza kidogo, baba," Mama Daudi akamkata. Hakupandisha sauti. "Hamjui mnachokicheka."

Akatueleza. Pikapu ilianza kutetemeka wiki ile ile walipomzika mume wake. Kila asubuhi boma zima lilisikia. Shemeji yake, Eliya, mdogo wa marehemu, akasema gari linamlilia mwenyewe, na kitu kinachomlilia maiti hakikai nyumbani, kiuzwe kwa watu wa mbali. Mwanzoni alikuwa anasema kwa mzaha. Sasa wazee walikuwa wamekubali, na mnunuzi alikuwa amepatikana kutoka Singida.

"Na wewe unaamini linalia?" nikamuuliza.

"Mimi naamini wakiliondoa hilo, nitakuwa kama kisiki cha pale zizini. Watu watanizunguka tu wakipita." Akafuta vumbi kwenye usukani kwa upande wa kanga. "Nilichelewa kujifunza kuendesha, fundi. Sijashiba."

Nilichukua sanduku langu, nikapanda naye kwenda Dirma. Gari lenye ugonjwa wa asubuhi likinificha ugonjwa kwangu, basi nitalikuta linapolala.

Tulifika jua likiwa bado lipo. Boma lake liko kwenye mgongo wa kilima, nyumba juu, chini bonde la mawe na miiba. Alipandisha pikapu mpaka karibu na mlango, akazima, akashuka haraka, akaweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu. Aliyasukumia ndani kwa mguu, akarudi kuyajaribu tena. Nilidhani ni uangalifu tu. Jioni tulikula ugali na maziwa ya mgando, tukazungumza kidogo. Nyumba yake ilikuwa na viti vingi kuliko watu. Nililijua jambo hilo kutoka nyumbani kwangu.

Kabla ya jua nilikuwa nje. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande, ng'ombe wanafuka. Akatoka amejifunika shuka, akaingia, akawasha.

Likawaka kwa pumzi chache, kisha likaanza. Nimesikia injini nyingi, lakini ile ilitetemeka kama mtu anayetaka kusema na midomo imemganda. Moshi mweupe ukajaa mbele ya nyumba. Mbwa wakahama. Nikamwambia azime, nikafungua boneti. Juu ya chujio la dizeli kuna pampu ndogo ya mkono, ya kubonyeza kwa kidole gumba. Ikiwa na dizeli inakuwa ngumu. Ile ilikuwa laini kama puto lililoisha upepo.

Niliunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya chujio na pampu kubwa, nikamwambia awashe tena. Mapovu yakapita pale, meupe, mengi, yakifuatana. Injini ilikuwa inavuta hewa badala ya mafuta. Mpaka hewa iishe, inatetemeka; ikiisha, inatulia. Ndiyo maana mchana haikuwa na neno.

Lakini kwa nini Dirma tu? Nilirudi nyuma hatua chache nikalitazama gari zima, na hapo nikaona nilichopaswa kukiona jioni ile. Lilikuwa limelala likitazama juu. Injini kileleni, tangi la mafuta chini mkiani. Hewa ikipata mahali pa kuingia, hata tundu dogo kama la sindano, usiku kucha dizeli inateremka kurudi kwenye tangi, kama maji kwenye mfereji.

Na kwetu Katesh? Ninyi wenyewe mnajua tunavyoyalaza magari. Uwanja wa Mzee Rajabu una mteremko, betri za wateja ni mbovu, kwa hiyo kila gari tunalielekeza chini, pua barabarani, ili asubuhi liachiwe literemke na kuwaka. Hakuna aliyewahi kuuliza. Gari linaingia, linageuzwa. Kwa hiyo tangi linakuwa juu na injini chini, na dizeli inabaki ilipo. Desturi yetu ya kulisaidia gari ndiyo iliyokuwa inaficha ugonjwa wake.

"Mama," nikamwita, "marehemu alikuwa analilaza vipi?"

Akafikiri. "Alilielekeza bondeni. Betri ya zamani ilikuwa ya wasiwasi. Asubuhi anaachia breki, linashuka, linawaka hapo kwenye ule mti wa miiba."

"Na wewe?"

"Mimi siwezi. Nikilielekeza bondeni silali. Nasikia kama linaondoka peke yake." Akaugeukia mlango. "Siku ile tuliporudi kutoka makaburini, niliingia nikaligeuza likaangalia mlango. Sikumwambia mtu."

Nikamweleza kwamba gari halikuwa linamlilia yeyote. Mpira wa ndani wa ile pampu ya mkono ulikuwa umechoka, labda tangu marehemu akiwa hai, ila yeye alikuwa analilaza kwa namna ambayo mpira haukuwa na kazi. Alipoondoka yeye, mlalo ukabadilika, na ugonjwa ukatokea. Nilidhani atafurahi. Alikaa juu ya jiwe lile la gurudumu akatazama mikono yake.

"Kwa hiyo wiki ile ile," akasema, "ilikuwa kweli ni kwa sababu yake."

Nikachukua spana.

Nilifungua ile pampu, nikafunga nyingine niliyokuwa nayo sandukuni, nikabadilisha na klipu za mpira wa kurudishia mafuta. Nikatoa upepo, nikabonyeza mpaka kidole kikakataa. Juma angeniambia nirudi nyumbani. Lakini ugonjwa wa asubuhi hauthibitiki mchana. Ilibidi lilale tena, na lilale vile vile, likitazama juu.

Alasiri akaja Eliya, shemeji, fimbo begani, kofia ya sufu. Alikuwa mtu mcheshi, simlaumu. Alizunguka pikapu akanitazama.

"Fundi wa Katesh! Umekuja kumfariji mjane au kumfariji chuma?"

"Chuma. Mjane ana ndugu zake."

Akacheka kweli. "Kesho asubuhi mnunuzi anakuja. Anataka alisikie likiwaka. Nimemwambia lina tatizo dogo. Likilia sana, fundi, usijali, hatutakudai kitu."

Mama Daudi alikuwa anakamua ng'ombe mita chache tu kutoka pale. Hakugeuka.

Asubuhi ile walikuja mapema kuliko nilivyotaka: Eliya, wazee wawili, na mnunuzi mwenye koti la mvua ingawa mvua haikuwepo. Walisimama kwenye umande. Majirani wanawake nao walikuwa wamekuja na magunia yao, wakayapakia nyuma ya pikapu kimya kimya, maana ilikuwa siku ya mnada Basotu. Hakuna aliyewakataza.

Niliibonyeza pampu ya mkono kabla ya Mama Daudi kuingia. Ilikuwa ngumu. Nikafunga boneti.

Akawasha.

Likawaka, likashika, likabaki hapo hapo. Hakuna kukohoa. Sauti moja iliyonyooka, na moshi kidogo ambao gari lolote la heshima hutoa kwenye baridi. Wazee walitazamana. Mbwa waliokuwa wamejiandaa kukimbia walikaa. Mama Daudi alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja. Mkono mwingine aliuweka kwenye kiti cha pembeni, ambacho asubuhi zote zile kilikuwa kinatikisika kama mtu anajiweka sawa. Kilikuwa kimetulia. Aliuacha mkono pale kwa muda.

Eliya akapiga makofi. "Mungu mkubwa! Limepona kabisa. Bwana," akamwambia mnunuzi, "umeona? Sasa hata aibu hatuna, tunauza kitu kizima."

Mama Daudi akateremsha kioo.

"Shemeji, wewe si ulisema linamlilia kaka yako?"

"Nilisema."

"Mbele ya wazee hawa?"

"Ndiyo, shemeji, mbele yao."

"Limenyamaza. Sasa unaliuza kwa kosa gani?"

Mzee mmoja alikohoa, na nadhani kikohozi kile kilianza kama kicheko. Eliya alifungua mdomo, akaufunga. Mnunuzi alitazama viatu vyake vilivyolowa.

"Fundi," Mama Daudi akaniita, "nitolee mawe."

Nikayatoa. Wanawake walikuwa wamekwisha kupanda juu ya magunia. Akarudi nyuma taratibu, akageuza, na kwa mara ya kwanza nikaona pua ya gari lile ikielekea bondeni yeye akiwa ndani. Alikanyaga breki, akatulia. Kisha akaachia. Likapita mti wa miiba, likashika njia ya Basotu, wanawake wakipiga vigelegele juu ya mahindi.

Nilikuwa nimekuja na gari hilo.

"Na wewe amekuacha!" Eliya akasema, na nafikiri kicheko kile kilimsaidia. Nilinyanyua sanduku langu. Tulishuka pamoja hadi barabarani, kwa kuwa njia ilikuwa moja, na mnunuzi nyuma yetu akichagua pa kukanyaga. Tulipofika, Eliya akanishika bega.

"Ungeshindwa tu, fundi. Watu wanashindwa kila siku."

"Mara mbili nilishindwa. Ilikuwa inatosha."

Akaondoa mkono. Walienda zao, mimi nikakaa juu ya sanduku mpaka lori la vitunguu likanichukua. Muda mfupi baadaye nikaacha kazi, si kwa sababu ya Dirma, ila kwa magoti. Sasa sina gari la kusubiri, lakini mwili haujaambiwa. Naamka kabla ya jua, nakoroga chai ya mtu mmoja, nakaa mlangoni.

Ilikuwa mojawapo ya asubuhi hizo, baridi kali, simu ikalia. Namba sikuijua.

"Fundi, shikamoo. Mimi Mama Daudi. Siku ile nilikusahau."

"Marahaba. Ulifanya vizuri. Bado unalo?"

"Subiri. Sikiliza."

Nikasikia mlango wa gari, nikasikia stata, kisha injini. Aliiweka simu mahali karibu, juu ya boneti labda, akaiacha hapo. Nikabana simu sikioni, nikafumba macho. Ilikuwa inatembea vizuri, silinda zote nne. Nilikaa nayo hivyo mpaka ikapata joto, chai ikapoa. Kisha simu ikakatika, nadhani salio lake liliisha.